"Walimu wangu wanasema hawakusomea watoto hawa": nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini mkoani Singida. Tuna wanafunzi zaidi ya 900 na walimu 14, na hakuna hata mmoja aliyesomea elimu maalumu. Mwaka huu tumepokea watoto wanne wenye ulemavu. Msichana mwenye ualbino yuko Darasa la III, mvulana kiziwi wa miaka 10 yuko Darasa la II, na wawili wapo Darasa la I: mmoja ana mtindio wa ubongo, mwingine ana ulemavu wa akili. Walimu wanasema hawakusomea watoto hawa na kwamba wapelekwe kwenye shule zao. Niliandaa semina ya siku moja ya elimu jumuishi, ikapita na mambo yakabaki yalivyokuwa. Nitabadilishaje mtazamo wa walimu wangu?

JIBU: Mwalimu, usianze kwa kuamini kwamba umepewa walimu wabaya. Jibu wanalokupa ni la zamani na limesikika katika nchi nyingi. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Marekani, Scruggs na Mastropieri, walikusanya ripoti 28 za utafiti zilizofanyika kati ya 1958 na 1995, zikiwa na walimu 10,560 kwa jumla. Takribani theluthi mbili waliunga mkono wazo la kuwafundisha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Walipoulizwa kama wana muda, ujuzi na vifaa vya kuifanya kazi hiyo, waliosema ndiyo walikuwa theluthi moja au pungufu. Mapitio mengine ya mwaka 2011 ya de Boer, Pijl na Minnaert, yaliyoangalia tafiti 26 za shule za msingi, yaliwakuta walimu wengi wakisitasita au wakikataa. Yalionyesha pia kwamba mtazamo wao ulitegemea mafunzo waliyopata, kama wamewahi kumfundisha mtoto wa namna hiyo, na aina ya ulemavu wenyewe. Ulemavu wa viungo hukubalika kwa wepesi. Ulemavu wa akili na matatizo ya tabia hukataliwa zaidi.

Kwa hiyo umeulizia jambo linalokuja mwisho. Mtazamo wa mwalimu hufuata kile anachoona anaweza kukifanya. Akishamwona mtoto mmoja akisoma kutokana na kitu alichofanya yeye mwenyewe Jumanne iliyopita, maneno yake kikaoni yatabadilika bila semina. Ukianza na maneno, atakuitikia kwa adabu kisha atarudi darasani kufanya kama zamani. Ndivyo semina yako ilivyokwenda, na ndivyo nyingi zinavyokwenda: saa mbili za aina za ulemavu na sababu zake, saa moja ya sera na sheria, chakula cha mchana, mahudhurio, kwisha. Mtoto hayumo, somo halimo, daftari halimo. Na si ajabu wasiwasi ukapanda baada ya semina kama hiyo, maana mwalimu ametoka akijua ukubwa wa kazi bila kujua pa kuishika.

Jambo moja tu lisifanywe mjadala: kupokelewa kwa watoto. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema vivyo hivyo. Liseme mara moja kikaoni, liandikwe kwenye muhtasari, usilirudie. Mjadala uwe juu ya namna ya kufundisha.

Sasa chunguza neno "hatukusomea" lina nini ndani yake, maana kila mwalimu hulitumia kuficha kitu chake. Dodoso la jumla halitakusaidia. Ukiuliza "Je, unaunga mkono elimu jumuishi?" watakubali wote, kwa kuwa wanajua jibu linalotakiwa na mwandiko wao unaujua. Zungumza na kila mwalimu peke yake kwa dakika 15, tena juu ya mtoto mmoja kwa jina lake: "Ukiwa na huyu darasani, dakika zipi zinakuwia ngumu?" Utashangaa jinsi majibu yanavyokuwa ya kawaida. Nani anampeleka chooni? Akianguka kifafa nifanye nini? Nikimsubiri amalize kuandika, wale 90 wengine wafanye nini? Wastani wa darasa langu ukishuka, nani atanitetea mbele ya afisa elimu kata? Wachache watagusia laana au kuambukizwa. Wengine, ukiwasikiliza vizuri, wanaogopa kushindwa mbele ya darasa lao wenyewe. Kila jibu lina dawa yake, na mengi yako ndani ya uwezo wako kama mkuu wa shule: zamu ya choo ni ratiba, kifafa ni maelekezo ya dakika kumi, wastani ni uamuzi wako wa namna unavyowapima walimu.

Pamoja na mazungumzo hayo, kaa darasani ukahesabu. Chukua vipindi viwili kwa kila mtoto, vya dakika 30 kwa Darasa la I na la II na dakika 40 kuanzia la III. Andika mambo manne: mtoto ameitwa kujibu mara ngapi, ameketi wapi, anafanya nini wenzake wanapoandika, na daftari lake lilisahihishwa lini mara ya mwisho. Usisome alama hizo mbele ya kikao, hata kwa nia njema. Mwonyeshe mwalimu husika peke yake, kisha zitunze. Mwisho wa muhula utarudia kuhesabu, na hapo ndipo utakapojua kama kuna kilichobadilika. Maneno ya watu hayatakuambia.

Hesabu hiyo itakufichulia pia mtazamo mbaya usioonekana kirahisi, yaani huruma. Mwalimu anayekataa waziwazi unamjua. Mgumu kumtambua ni yule mpole anayesema "mwache tu, maskini". Hampigi mtoto, hamgombezi, anampa pipi, anamruhusu kutoka nje wakati wowote, anamwekea vema kwenye kila ukurasa hata pasipoandikwa kitu. Haulizi swali, maana hataki kumwaibisha. Mwisho wa mwaka mtoto amependwa sana na hajajifunza herufi hata moja. Wakaguzi wengi hupita darasani hapo na kumsifu mwalimu. Mimi ningemhesabu pamoja na wanaokataa, ila ningeanza na yeye, kwa sababu nia anayo na anachokosa ni matarajio. Mwulize swali moja kila wiki: "Mtoto huyu atajua nini Ijumaa ambacho leo hajui?" Asipokuwa na jibu, andalio lake la somo halijamfikia mtoto huyo.

Baada ya hapo chagua mtoto mmoja na mwalimu mmoja. Usianze na wote wanne. Katika hali yako ningeanza na msichana wa Darasa la III, kwa sababu mabadiliko anayohitaji ni ya bei ndogo na matokeo yake huonekana ndani ya wiki chache. Tatizo lake kubwa darasani ni macho. Ualbino huja na uoni hafifu, macho yanayochezacheza na kuumizwa na mwanga mkali, na miwani husaidia kiasi bila kuurudisha uoni kamili. Walimu wengi hawajui hilo, hivyo humwona mtoto mvivu wa kunakili.

Tuchukue mtoto mwenye uoni wa 6/60, yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho mwingine anakiona kwa mita 60. Kwa kipimo hicho, akiketi mita 2 kutoka ubaoni, herufi ya sentimita 3 ndiyo anaibahatisha kwa shida, na ili asome bila kuchoka inabidi iwe kama sentimita 6. Walimu wengi huandika herufi za sentimita 3 au 4. Kwa hiyo ile hatua ambayo kila mtu huijua, ya kumketisha mbele, peke yake haitoshi. Mruhusu asimame na kusogea hadi mita 1 kutoka ubaoni kila anapohitaji, bila kuomba ruhusa. Mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika. Hili halina gharama na linawafaa hata wale wa nyuma. Ubao uliopauka hadi kuwa kijivu upakwe rangi upya, maana chaki nyeupe juu ya kijivu haionekani. Dawati lake lisielekee dirisha wala mlango wenye jua. Mwanga utoke nyuma au ubavuni mwake. Mistari ya daftari ikolezwe kwa kalamu ya wino mweusi, na kazi iliyochapwa iwe na herufi za ukubwa wa 18 hadi 24. Akiinamia daftari hadi pua inaligusa, aachwe. Kuinama hakuharibu macho, ndiyo njia yake ya kukuza maandishi. Nje ya darasa awe na kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu, asisimamishwe juani kwenye paredi, na mafuta ya kukinga jua yapakwe tena kila baada ya saa mbili akiwa nje. Kuna mafuta yanayotengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, yaitwayo KiliSun. Uliza hospitali ya wilaya namna ya kuyapata.

Kabla ya kuanza, chukua nakala ya ukurasa mmoja wa daftari lake. Baada ya wiki tatu chukua mwingine. Karatasi hizo mbili zikiwekwa mezani zitafanya kazi ambayo mhadhara wa siku nzima haukuifanya, na mwalimu wake ndiye awaonyeshe wenzake, wewe ukae pembeni.

Kuna jambo hapa ambalo shule nyingi hulisahau hadi linapochelewa. Wakati wa usajili wa Upimaji wa Darasa la Nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, hakikisha hali yake imeingizwa. Baraza la Mitihani, NECTA, hutoa karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu, na huongeza dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto ambaye hakutajwa kwenye usajili hupewa karatasi ya kawaida siku ya mtihani, na siku hiyo hakuna wa kumlaumu isipokuwa ofisi ya mwalimu mkuu. Muda huo wa ziada apewe pia kwenye majaribio ya ndani tangu sasa, ili auzoee.

Mtoto wa pili awe yule mwenye mtindio wa ubongo, na hapa mwalimu atakuwa na hofu zaidi kwa sababu mwili wa mtoto unamtisha. Mate yanayotoka, maneno yasiyosikika vizuri na mikono inayokataa kutulia havisemi lolote juu ya akili yake. Baadhi ya watoto hawa wana ulemavu wa akili pia, wengine wana akili timamu kabisa, na huwezi kujua hadi umpe njia ya kujibu. Kwa hiyo anza na kukaa. Mtoto anayeyumba hutumia nguvu zake zote asianguke, na hakuna inayobaki ya kusoma. Nyayo zikanyage sakafu au kisanduku, magoti na nyonga vikunjike kama pembe ya mraba, meza iwe usawa wa viwiko. Fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kiti hicho ukimpeleka mtoto apimwe. Karatasi ibandikwe mezani kwa gundi ya utepe, penseli inenepeshwe kwa kuizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli.

Halafu mwondolee mzigo wa kunakili. Darasa la I hupoteza muda mwingi katika kunakili, na kwake kunakili kunaweza kuwa mateso yasiyomfundisha herufi. Mpe kadi tatu zenye herufi au namba, mwalimu aulize, yeye aoneshe kwa mkono au hata kwa macho. Baada ya swali mwalimu ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia. Wengi hukata tamaa kwenye tatu. Kwa njia hiyo mwalimu ataweza kupima KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) kwa mtoto asiyeshika penseli, na mara nyingi siku hiyo ndiyo anayogundua kwamba mtoto alikuwa akifuatilia somo muda wote.

Suala la choo litatue wewe, usimwachie mwalimu wa darasa. Zungumza na mzazi kuhusu saa zake, panga mtu mzima wa kumsaidia kwa zamu inayojulikana, na usiwape kazi hiyo wanafunzi wadogo. Kiti cha mbao chenye tundu, kikiwekwa juu ya choo cha shimo, kinatosha kuanzia, pamoja na fito imara ya kushikia ukutani. Njia ya mteremko mlangoni ijengwe kwa uwiano wa 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8. Wengi hujenga mfupi wa nusu mita na kupiga picha, kisha mtoto hawezi kuupanda na akishuka nao anaanguka. Na kwa kuwa kifafa huambatana na mtindio wa ubongo kwa baadhi ya watoto, walimu wote wajue haya: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimzuie kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa, ikizidi dakika tano apelekwe kituo cha afya. Povu haliambukizi.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili atakuja wa tatu, na ndiye atakayepima uvumilivu wa shule yako. Hapa mafanikio ni ya taratibu na mwalimu asipoonyeshwa namna ya kuyaona atasema hayapo. Andikeni mpango wa ukurasa mmoja: anachoweza sasa, lengo moja la wiki nane, njia, nani na lini. Lengo liwe dogo kiasi cha kupimika. Mfano: kutambua namba 1 hadi 5. Anza kwa kulinganisha vizibo vya soda, vingapi hapa na vingapi pale. Fuata kuhesabu kwa kugusa kimoja kimoja, mwisho ndiyo kuoanisha vizibo na tarakimu. Dakika kumi kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Ijumaa. Akipata mara nne kati ya tano kwa siku tatu mfululizo, songa mbele. Akikwama wiki mbili, hatua ilikuwa kubwa mno, igawe. Mwalimu aliyezoea kusema "haelewi" ataanza kusema "amekwama kwenye kuhesabu kwa kugusa", na mabadiliko ya sentensi hiyo yana thamani kubwa kuliko alama ya dodoso lolote.

Kumkaririsha darasa mwaka hadi mwaka hakumsaidii. Mvulana wa miaka 13 kati ya watoto wa miaka 6 hujifunza tabia ya miaka 6 na kuchekwa. Apande na rika lake, mpango wake ukipanda naye.

Kuhusu mtoto kiziwi nitasema tofauti, na huenda usilipende jibu hili. Hapa walimu wako wana hoja. Mtoto wa miaka 10 ambaye hana lugha yoyote kamili, akiketishwa kati ya watoto 90 wanaosikia na mwalimu asiyejua alama hata moja, yumo darasani kwa mwili tu. Mkataba wenyewe wa 2006, katika Ibara ya 24, unataka viziwi wajifunze lugha ya alama na wasome katika mazingira yanayowakuza kitaaluma na kijamii. Lugha haifundishwi na kadi za ukutani, hujengwa na watu wanaoitumia. Kwa hiyo, kwanza apelekwe zahanati aangaliwe masikio. Nta iliyoziba au usaha wa muda mrefu hupunguza usikivu na hutibika. Halafu apimwe usikivu. Ikithibitika ni kiziwi, mahali pake pazuri ni kwenye kitengo au shule yenye viziwi wenzake na walimu wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Kumpeleka huko hakupingani na elimu jumuishi, na usiruhusu mtu akuambie hivyo kwa sababu tu takwimu za shule yako zitapungua mtoto mmoja.

Wakati mnasubiri, mwalimu wake asiongee akiwa amegeukia ubao, aandike maneno muhimu, atumie picha, na darasa zima lijifunze alama chache kila wiki. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kukuelekeza kwa kiziwi mtu mzima aliye karibu. Mlipe nauli yake kama mnavyomlipa mkufunzi yeyote.

Nimetaja mtu mzima mwenye ulemavu, na ningependa utumie njia hiyo zaidi. Tangu Gordon Allport aandike juu ya chuki kati ya makundi mwaka 1954, inajulikana kwamba watu kukutana tu hakuondoi dharau. Kunahitaji wakutane kwa hadhi sawa, wafanye kazi moja, na wenye mamlaka waunge mkono. Ukimwalika mtu mwenye ulemavu aje kusimulia shida zake, walimu watatoka na huruma zaidi, na huruma tumeshaiona inavyofanya kazi. Mwalike mwalimu asiyeona kutoka shule nyingine afundishe kipindi cha Darasa la V, walimu wako wakiwa wameketi nyuma na andalio la somo mkononi, kisha wajadili somo lake kama wanavyojadili la mwenzao.

Mahali pa kuyapanga yote haya tayari unapo: vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ndani ya jumuiya ya kujifunza ya shule. Kila baada ya wiki mbili, dakika 45. Dakika kumi za kwanza mwalimu mmoja anaonyesha daftari au kadi alizotumia. Dakika ishirini wenzake wanajaribu mbinu hiyo kwa somo lao. Zinazobaki, kila mmoja anaandika badiliko moja atakalofanya na tarehe. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kuulizana kama lilifanyika. Mhadhara usiwepo kabisa, hata afisa akitembelea. Mwalike Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri baada ya kikao cha pili au cha tatu, mkiwa na maswali halisi, maana atatoa majibu tofauti na yale anayotoa kwenye ufunguzi wa semina. Kama halmashauri inaruhusu, omba mwalimu mmoja aende kusoma Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Lakini usisimamishe kazi kumsubiri arudi.

Yanayoharibu mpango huu nimeyaona yakijirudia katika shule nyingi. La kwanza ni kumlundikia mwalimu mmoja watoto wote "kwa kuwa ana moyo". Atachoka, wengine watajiona wamesamehewa, na akipata uhamisho hakuna kitakachobaki. Kila mtoto awe na walimu wawili wanaojua mpango wake. Lingine ni kumpa mtoto rafiki mmoja wa kudumu wa kumsaidia. Rafiki huyo hushuka kimasomo na mtoto huzoea kufanyiwa. Wawe wawili, wabadilike kila wiki, na wasiandike kwa niaba yake. Kuna pia tabia ya kumsimamisha mtoto mstarini asubuhi na kuwaambia wanafunzi "tumsaidie mwenzetu". Nia njema, madhara makubwa. Na mzazi asiambiwe kamwe "mrudishe hadi vifaa vifike". Vifaa vinaweza kufika baada ya miaka miwili.

Wastani wa madarasa ni jambo lako. Kama kwenye ukuta wa ofisi yako kuna chati inayowapanga walimu kwa wastani wa majaribio, iondoe, au mtoto mwenye ulemavu wa akili atakuwa adui wa mwalimu wake kila mwisho wa mwezi. Pima ni wanafunzi wangapi wamepanda hatua tangu jaribio lililopita. Kwa kipimo hicho naye anahesabika. Mueleze afisa elimu kata kwa maandishi kabla hajauliza, na wathibiti ubora wakija waonyeshe mipango ile ya ukurasa mmoja pamoja na madaftari.

Baada ya muhula mmoja, ukiwa na alama za hesabu ya mwanzo na ya mwisho, huenda atabaki mwalimu mmoja au wawili wasiosogea. Usiwape mtoto kwa kuwakomoa, maana atakayeadhibiwa ni mtoto. Wape kipindi kimoja tu kwa wiki cha kufundisha wakiwa wawili na mwenzao aliyefanikiwa, kwenye darasa la mwenzao. Anayemtukana au kumpiga mtoto kwa sababu ya ulemavu wake, huyo amevuka mpaka wa mtazamo. Chukua hatua za kinidhamu kama ungechukua kwa mtoto mwingine yeyote.

Wiki hii fanya barua moja kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, nakala kwa mkurugenzi na afisa elimu kata. Ndani yake kuwe na orodha ya watoto wanne kwa darasa na umri, ombi la upimaji wa macho kwa mmoja, usikivu kwa mmoja na upimaji wa jumla kwa wawili, ombi la nafasi kwenye kitengo cha viziwi, na maneno mawili ya kile ambacho shule imeshaanza kufanya. Barua isiyo na sehemu hiyo ya mwisho hukaa kwenye faili pamoja na nyingine za aina yake.